Video za Kulinganisha Pedali za Fazi Zinakudanganya, na Yangu Ilikudanganya Pia

Wasee, leo naandika kitu itauma watu, na wa kwanza kuumwa ni mimi.

Mwaka jana niliweka video ya dakika kumi na moja. Pedali tano za fazi, gita moja la besi, mimi nimekaa kitandani na hedifoni kwa masikio. Nikapiga rifu moja mara tano, nikapanga pedali kutoka dhaifu hadi kali, halafu nikamaliza nikisema namba moja "inaua." Hiyo video ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Nilijiona mkubwa.

Miezi mitatu baadaye kijana wa Kayole akaniandikia inboksi. Miaka kumi na tisa, anaosha magari, anapiga besi kwa bendi ya pank ya watu wanne. Alikuwa ameweka akiba miezi mitano akanunua hiyo namba moja yangu. Shoo ya kwanza, wimbo wa pili, akakanyaga pedali, na besi ikapotea. Haikuharibika. Taa ilikuwa inawaka, kebo zilikuwa sawa, lakini mpiga dramu aligeuka kumwangalia kama mtu ameng'oa plagi. Akaniuliza swali moja tu: "Buda, ama ni vidole vyangu?"

Vidole vyake vilikuwa fiti. Shida ilikuwa video yangu. Na juzi nimeona video mpya tatu za aina hiyohiyo, za watu wengine, na makosa ni yaleyale. Kwa hivyo tuongee.

Kwanza, fazi ni nini. Sauti ya gita inatoka kwa waya ikiwa wimbi lenye milima na mabonde. Pedali ya fazi inaikuza mpaka transista zishindwe kubeba, kwa hivyo vilele vinakatwa, na wimbi lililokuwa mviringo linakaribia kuwa mraba. Ukikata vilele hivyo unazalisha sauti nyingi mpya juu ya noti yako, zile zinaitwa haramoniki. Ndiyo maana fazi inasikika nene na yenye mchanga. Hiyo ni kazi yake, hakuna uchawi.

Lakini kila kitu kina bei. Ukikata vilele umepoteza tofauti kati ya kugonga kwa nguvu na kugonga polepole. Ule mdundo wa kidole kikipiga waya, ile "du" ya mwanzo, unalainishwa. Kila noti inatoka na urefu mmoja, kama mkate wa kukatwa na mashine. Na sasa kumbuka besi hufanya kazi gani kwa bendi. Inashikana mkono na dramu la mguu. Ukitoa mdundo, umeachilia huo mkono.

Basi, uongo wa kwanza wa video yangu: nilipiga peke yangu. Pedali ikiwa peke yake ina nafasi yote. Sauti za chini zake, za juu zake, katikati pia kwake. Ingiza mpiga gita mwenye distoshoni, ingiza matoazi, ingiza dramu la mguu, na kila mmoja anachukua kipande cha hiyo ardhi. Pedali iliyokuwa simba chumbani inakuwa paka jukwaani. Chukua Big Muff Pi ya kawaida ya Electro-Harmonix, ambayo watu wanaiabudu tangu mwishoni mwa miaka ya sitini. Kile kitufe chake cha toni kinachimba shimo katikati ya sauti. Ukiwa peke yako hilo shimo linasikika kama ukubwa, kama uko ndani ya pango. Ukiwa na bendi, katikati ndipo sikio la mtu linatafuta besi yako ili lijue uko noti gani. Umeichimbia kaburi mwenyewe, halafu unashangaa imezikwa.

Uongo wa pili: volyumu. Sikio la binadamu linapenda kitu chenye sauti kubwa zaidi na linakiita bora. Si ujinga, ndivyo tulivyoumbwa. Baada ya ule ujumbe wa Kayole nilifungua faili zangu za ile video nikaangalia mita. Namba moja ilikuwa juu ya zingine kwa karibu desibeli tatu. Yaani nilitangaza mshindi wa mbio ambazo mmoja alianzia mbele. Mtu yeyote anayekulinganishia pedali bila kukuambia alisawazisha volyumu anakuuzia kelele.

Uongo wa tatu, na huu unatuumiza sisi wa hapa zaidi. Zile video za ng'ambo mnazopenda zinarekodiwa kwa amplifaya kubwa ya besi yenye kabati la spika, na maikrofoni mbele yake. Spika kubwa ya besi haiwezi kutoa zile sauti za juu sana, kwa hivyo inachuja mchanga wote mkali wa fazi kabla haujafika kwako. Sasa niambie, wewe unapiga wapi? Kanisani, hotelini, kwa shoo ya kampasi. Unachomeka kwa kisanduku cha DI, moja kwa moja hadi mikisa, halafu kwa spika kubwa za ukumbi zenye twita zinazotoa kila kitu. Hakuna kabati, hakuna mchujo. Fazi ileile iliyosikika kama radi kwa video inatoka kama nyuki ndani ya mkebe wa Kimbo. Fundi wa sauti anakukunjia uso, anakushusha, na mchungaji anaamini zaidi kwamba hiyo pedali ni ya shetani.

Dawa yake ni rahisi na hakuna mtu anaisema kwa sababu haiuzi kitu: shusha toni ya pedali, halafu mwombe fundi akate sauti zako za juu, aanzie karibu Hz 5,000 akishuka mpaka nyuki wanyamaze. Ama utumie kifaa chochote kinachoiga kabati la spika baada ya fazi. Ukipuuza hiyo hatua, hata pedali ya bei ya ng'ombe itakuaibisha.

Uongo wa nne: unasikiliza kwa simu. Waya wa E ulio wazi kwa besi ni Hz 41. Ukiwa na waya tano, ile B ya chini ni kama Hz 31. Spika ya simu yako haitoi hizo sauti hata ukiipigia magoti. Unachosikia ni haramoniki, na ubongo unajijazia noti ya chini ambayo haipo. Kwa hivyo kwenye simu, pedali iliyopoteza besi yote lakini yenye mchanga mwingi itaonekana kali kuliko pedali iliyohifadhi besi. Unachagua kifaa cha kutoa sauti za chini kwa kutumia kifaa kisichoweza kutoa sauti za chini. Jicheke kidogo, mimi nilijicheka.

Sasa mtu atasema, sawa bana, umelia, tuambie basi tununue nini. Swali lako limekosewa, lakini nitajibu.

Kabla ya kuangalia jina la pedali, angalia kama ina njia ya kuchanganya sauti safi na sauti chafu. Wengine wanaiita blendi. Hicho kitufe kimoja kina thamani kuliko jina lolote lililoandikwa kwa chuma. Sauti safi inabaki chini ikishikana na dramu, na fazi inakaa juu ikipiga kelele. Besi haitoki chumbani, imevaa tu koti.

Na usidhani hii ni fasheni ya juzi. Mwaka wa 1965, Paul McCartney wa Beatles alirekodi besi mbili kwa wimbo wa "Think for Yourself", moja safi na moja ya fazi juu yake. Chris Wolstenholme wa Muse, ambaye kila mtu anamtaja akitaja Big Muff, anagawa sauti yake, upande mmoja safi na mwingine mchafu. Mike Kerr wa Royal Blood, bendi ya watu wawili bila mpiga gita, anatuma besi moja kwa amplifaya za besi na za gita pamoja. Wewe umenunua pedali moja ukitarajia sauti ya mtu mwenye njia mbili ama tatu. Si haki kwa pedali, na si haki kwako.

Tukiangalia kwa macho hayo, mambo yanajipanga tofauti kabisa na video yangu.

Big Muff ya kijani ya Urusi, ile Sovtek ya miaka ya tisini ambayo Electro-Harmonix walirudisha kwa umbo dogo 2017, ina sauti za chini nyingi kuliko Muff za kawaida, na ndiyo maana wapiga besi waliipenda. Lakini haina blendi. Kwa bendi isiyo na gita la pili inaweza kutosha. Kwa bendi yenye ukuta wa gita utahitaji kisanduku kingine cha kuchanganya, na hiyo ni pesa nyingine. Hii ndiyo ilikuwa namba moja yangu, kama ulikuwa unajiuliza.

Deluxe Bass Big Muff Pi ina blendi, na pia ina vichujio vya kugawa: safi ibaki chini, chafu ikae juu. Kwa video yangu niliiweka namba nne kwa sababu peke yake ilisikika "ya adabu." Kwa bendi hiyo adabu ndiyo inakuokoa. MXR Bass Fuzz Deluxe ina vitufe viwili, kimoja cha sauti safi na kingine cha fazi, kwa hivyo mtu yeyote anaelewa ndani ya dakika moja. Darkglass Duality ya kina Darkglass wa Finland inakupa fazi mbili tofauti za kuchanganya, pamoja na blendi. Ni nzuri kweli, lakini bei yake ni ya mtu ambaye landilodi hampigii simu.

ZVEX Woolly Mammoth ni mnyama. Saketi ndogo, sauti kubwa ya ajabu, na sauti za chini zimo. Lakini ukiongeza usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16, unaweza kununua gita lingine zima la besi. Kama wewe bado unaazima gita la kanisa, tafadhali acha.

Halafu kuna Behringer SF300. Plastiki, nyepesi, wauzaji wanaificha nyuma ya kabati. Nje inauzwa chini ya dola 40. Ndani yake ni mwigo wa Boss FZ-2, ambayo nayo ilitoka kwa ukoo wa Univox Super-Fuzz ya zamani. Ina vitufe viwili vya kurekebisha sauti za chini na za juu, na inanguruma kama lori la mchanga likipanda Limuru. Ubaya wake ni hilo plastiki, na pia haina blendi. Lakini SF300 pamoja na kisanduku cha kuchanganya inapita pedali nyingi za bei mara tatu, na hakuna mtu aliyelipwa kuniambia niseme hivyo.

Hapo ndipo napinga ile dini ya bei. Kuna wasee watakuambia fazi lazima iwe na transista za germaniamu, zile za Fuzz Face za kwanza za London 1966, ama si fazi. Germaniamu ina utamu wake, sikatai. Lakini tabia yake inabadilika na joto. Ukiipima asubuhi Limuru na ukaipeleka jukwaa la wazi Mombasa saa nane mchana, umebeba pedali mbili tofauti ndani ya sanduku moja. Tena nyingi za hizo zinataka umeme uliogeuzwa, chanya ndiyo adhi, kwa hivyo ukizichomeka kwa adapta moja pamoja na pedali zako zingine unaweza kusababisha shoti. Silikoni haina hayo maringo. Inakuja kazini kila siku.

Na kama hauna pesa kabisa? Fuzz Face ni transista 2, resista 4, kapasita 3 na vitufe 2. Vitu kumi na moja. Nilisoma mambo ya umeme kidogo kabla niachane na chuo, na nakuhakikishia hii si sayansi ya kurusha roketi ya NASA. Shuka Luthuli ama River Road, uliza transista kama BC108 ama 2N3904, nunua na soda ya kulehemu. Kwa besi, weka kapasita kubwa zaidi mahali sauti inapita, kwa sababu kapasita ndogo inazuia sauti za chini. Itakuwa mbaya kwa macho. Yangu ya kwanza niliifunga kwa mkebe wa peremende. Lakini utajua kila waya inafanya nini, na hutatishwa na mtu wa video tena. Angalizo moja: saketi hii inapenda kuwa ya kwanza kutoka kwa gita. Kama besi yako ina betri ndani, itatoka tofauti, kwa hivyo sikiliza kabla ya kuhukumu.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Lakini Cliff Burton alitumia Big Muff na besi haikupotea!" Sawa. Ile "(Anesthesia) Pulling Teeth" ya Metallica ya 1983 ni solo ya besi. Gita halikuwa mlangoni likingoja. Besi ikiwa ndiyo inaongoza, mwaga fazi yote, funga blendi, piga kelele. Hata bendi ya watu wawili iko hivyo. Sijasema fazi kamili ni dhambi. Nimesema uangalie nani mwingine yuko kwa chumba kabla ya kunyoosha miguu.

Na kuna wale wazee wetu wa muziki wanaosema besi haifai fazi kabisa, besi ni ya kushikilia nyumba, fazi ni ya gita. Kwa heshima zote, wazee wetu, historia inawakataa. Fazi yenyewe ilizaliwa kwa besi. Nashville, wimbo wa "Don't Worry" wa Marty Robbins uliotoka 1961: Grady Martin alikuwa anapiga besi ya waya sita, chaneli ya mikisa ikaharibika, sauti ikatoka imeraruka, wakaiacha. Injinia Glenn Snoddy akatafuta njia ya kuitengeneza sauti hiyo kwa makusudi, na 1962 ikatoka Maestro FZ-1. Gita ndilo lililokuja kuazima. Na kama unadhani ni mambo ya wazungu tu, sikiliza Zambia ya miaka ya sabini, WITCH na Amanaz, vile fazi ilikaa juu ya midundo ya nyumbani bila kuomba ruhusa. Sikiliza Duma wa hapa Nairobi vile walichukua kelele 2020 wakaifanya lugha. Kelele ni yetu pia. Kwa hiyo ndiyo nakasirika tukiuziwa kelele isiyosikika.

Sasa sehemu inayoniuma. Kwa nini tunaendelea kutengeneza hizi video vibaya? Kwa sababu kupiga na bendi ni kazi. Unahitaji chumba, mpiga dramu ambaye hatachelewa, maikrofoni, siku nzima. Kupiga kitandani ni saa mbili. Na kuna duka moja liliniazima pedali mbili kati ya zile tano. Hawakuniambia niseme chochote. Hawakuhitaji. Nilijua nikizisema vibaya sitaazimwa zingine, na mdomo ukajipanga wenyewe. Sikuwataja kwa video. Nilipaswa kuwataja.

Ile video nimeitoa. Najua imeniletea wafuasi, na baadhi yenu mko hapa kwa sababu yake. Karibuni, lakini ilikuwa mbaya. Nitairudia na bendi, volyumu zimesawazishwa kwa mita, mara moja kwa amplifaya na mara moja moja kwa moja kwa mikisa, na nitasema mwanzoni pedali gani nimenunua na gani nimeazimwa. Nikishindwa kufanya hivyo, nisiweke kitu.

Kabla uguse pesa yako, fanya hivi. Beba besi yako mwenyewe uende dukani, na ucheze dramu kwa simu kupitia spika yao. Panga volyumu ya pedali iwe sawa ikiwashwa na ikizimwa. Piga noti za chini kabisa, halafu za juu. Kama ukiwasha unasikia dramu limekaa peke yake, rudisha pedali kwa kabati na uende nyumbani na pesa yako. Muuzaji akikataa ujaribu, hiyo pia ni jibu.

Na yule kijana wa Kayole? Nilimtumia kisanduku changu cha kuchanganya sauti, kilikuwa kinakaa tu kejani. Akakiweka, sauti safi chini, Muff ya kijani juu. Wiki mbili zikapita kimya, nikadhani ameuza kila kitu. Halafu akanitumia klipu ya mazoezi, imerekodiwa kwa simu, sauti mbovu kabisa. Lakini wimbo ukifika katikati anakanyaga, na mpiga dramu anageuka kumwangalia tena.

Safari hii anacheka.